Historia ya Mji Iliyoandikwa na Maboi

Sisi tuliozaliwa Katanga tumezoea kusikia kwamba nchi yetu ni shaba tu. Vitabu vya shule hutaja Union Minière iliyoundwa mwaka 1906, hutaja na mji wa Elisabethville ulioanzishwa mwaka 1910, ambao leo ni Lubumbashi, kisha hunyamaza. Katika fasihi ya Kiswahili hali ni mbaya zaidi. Aghalabu safari ya fasihi hiyo huanzia Lamu ikakomea Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hudhaniwa kuwa hakuna maandishi, ila maneno yaliyoharibika.

Maandishi yapo. Mwaka 1965 André Yav alikiandika kijitabu kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, kikapewa jina la Kifaransa lenye maana ya Msamiati wa Mji wa Elisabethville. Jina hilo linahadaa. Anayetafuta orodha ya maneno haipati. Anakuta historia ya nchi tangu mfalme Leopold II na Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, hadi baada ya vita vikuu viwili. Wasimulizi wake ni maboi, yaani watu waliopika, waliofua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu. Wengine wameandika habari za magavana na makampuni. Yav ameandika habari za kazi, malipo na dharau, kwa macho ya mtu aliyekuwa jikoni bwana akizungumza sebuleni.

Haifai kukisifu kijitabu hiki kwa upofu. Tarehe zake hazifuatani vema, na tahajia yake humchosha msomaji, kwani maneno huungana na kutengana bila kanuni. Hata hivyo, hatuna budi kutofautisha kasoro ya tahajia na sura ya lahaja. Anayesema "batoto" badala ya "watoto" hakukosea; kiambishi hicho ndicho cha Kiluba na Kibemba, lugha za jirani zake. Kiswahili hiki kilikomaa kazini, miongoni mwa watu waliotoka Kasai, Rwanda na Rodeshia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Maneno yake ya Kifaransa nayo ni ushahidi: yanatuonyesha ni nani aliyekuwa akitoa amri.

Wala Yav hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huo huo, alichora picha zipatazo 100 za historia ya nchi, akazieleza kwa Kiswahili hicho hicho. Msikilizaji wake alikuwa Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii na utamaduni. Huyo ndiye aliyekichapisha tena kijitabu cha Yav mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Twamshukuru. Lakini inasikitisha kwamba kazi ya wapishi wa Elisabethville inajulikana zaidi katika vyuo vikuu vya Ulaya kuliko katika madarasa yetu ya Kiswahili.

Hapa ndipo walimu tunapohusika. Mwanafunzi anayeambiwa kila siku kwamba usemi wa babu yake ni takataka hatauacha usemi peke yake. Atayaacha na masimulizi ya babu. Hatusemi Kiswahili sanifu kisifundishwe, maana ndicho kinachotuwezesha kuelewana kutoka Lubumbashi hadi Mombasa. Tunasema mwalimu achague ukurasa mmoja wa Yav, ausome darasani kwa sauti, kisha wanafunzi wauandike kwa Kiswahili sanifu na kujadili kilichopotea katika kazi hiyo. Watajifunza sarufi ya lahaja mbili kwa mkupuo, na watajua kwamba maboi wa Katanga waliwahi kukaa chini wakaiandika historia yao wenyewe.