Senema ya Mzee Maruge

Senema iitwayo The First Grader, ya mwaka 2010, yasimulia habari za mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004, umri wake miaka 84. Bwana Oliver Litondo amemwigiza kwa uzito na heshima, twamsifu. Lakini mtungaji amempa mzee hamu ya kusoma barua ya serikali, hali mwenyewe alinena kwamba ataka kuisoma Biblia kwa macho yake, asimtegemee mhubiri. Kwa nini kuipunguza sababu njema hivyo? Tena darasa la ngumbaru laonyeshwa kama baraza la wavivu, hata mzee akatoka asirudi. Sisi tufundishao watu wazima jioni, wafikao wamechoka na jembe, hatukuwatambua humo wanafunzi wetu.