Kulirudishia Afya Tumbawe Lililodhoofu kwenye Tangi la Nyumbani

Tumbawe ni mnyama, ingawa huonekana kama ua au jiwe. Limeundwa na polipu, viumbe laini wenye mdomo uliozungukwa na minyiri, wanaojijengea kiunzi cha chokaa. Ndani ya nyama yao huishi mwani wa chembe moja uitwao zuzanthela. Mwani huo hutengeneza sukari kwa mwanga na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Joto au mwanga ukizidi, mwani huanza kuzalisha kemikali zenye sumu, na tumbawe huutoa nje na kubaki jeupe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi na miamba mingi ya Kenya na Tanzania ikapauka. Kwenye tangi, chanzo kinaweza kuondolewa.

Hatua ya kwanza ni kutambua hali. Kwa matumbawe ya Euphyllia, yanayofugwa sana na wanaoanza, minyiri inayopaswa kupepea husinyaa hata mchana. Tumbawe lililopauka bado lina nyama na laweza kupona. Palipobaki chokaa tupu, pamekufa. Ute wa kahawia wenye uvundo ni dalili ya maradhi yanayoenea haraka, na tawi lenye ute huo hukatwa na kutolewa bila kusubiri.

Hatua ya pili ni kupima kabla ya kugusa chochote. Joto linalofaa ni nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, alikalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi unaopimwa kwa dKH, iwe dKH 8 hadi 9, na kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Amonia isiwepo kabisa. Naitreti na fosfeti zikizidi ni tatizo, lakini zikiisha kabisa tumbawe na mwani wake hukosa lishe. Kipima chumvi nacho huhakikiwa kwa maji ya kipimo yenye gramu 35, kwa kuwa chombo kinachodanganya huzaa tiba ya uongo.

Chumvi ndiyo huyumba kimyakimya. Maji yanapovukiza, chumvi hubaki. Tangi la lita 100 likipoteza lita 5, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37. Pengo hilo hujazwa kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku. Akimwaga maji ya chumvi, mfugaji huongeza tatizo lilelile analotaka kuliondoa.

Alikalini nayo hupandishwa polepole, isizidi dKH 1 kwa siku. Katika lita 100, gramu 3 za bekingi soda ya jikoni hutosha kwa kipimo hicho. Huyeyushwa kwanza kwenye maji yaliyochujwa, kisha humiminwa taratibu mbali na tumbawe, penye mkondo. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki husaidia kurekebisha mengine, mradi maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya tangini.

Mwanga hupunguzwa hadi karibu nusu, au tumbawe hushushwa chini, kisha mwanga huongezwa kwa hatua ndogo za kila wiki rangi inapoanza kurudi. Mkondo wa maji unaofaa huifanya minyiri ipepee huku na huku. Ikilazwa upande mmoja muda wote, nguvu imezidi na nyama inaweza kuchanika kwenye kingo kali za kiunzi.

Kwa kuwa tumbawe lililopoteza mwani limepoteza mpishi wake, chakula husaidia. Mara moja au mbili kwa wiki, pampu huzimwa kwa dakika chache na vipande vidogo vya kamba huwekwa kwenye minyiri iliyofunguka. Tumbawe lililojifunga halilishwi, na mabaki huondolewa kabla hayajaoza na kuzaa amonia.

Marekebisho hufanywa moja baada ya jingine, yakiachana kwa siku kadhaa, ili ijulikane lipi lililosaidia. Kulihamisha tumbawe kila siku ni kulichosha upya. Kwa kawaida minyiri ndiyo hutangulia kufunguka. Rangi hufuata baada ya wiki kadhaa au miezi, na ukuaji wa chokaa huja mwisho.