Kazi ya Buleusa ilianzia Butembo

"Fundi, hii kazi inataka mtandao?" Mwalimu aliniuliza hivyo hata sijafungua mkoba. Nikamjibu, "Hapana, mwalimu, hautakiwi." Jibu hilo fupi lilikuwa limenigharimu siku mbili nzima mjini Butembo, na ndilo ninalotaka kulichambua hapa. Anayepeleka Linux mahali kama Buleusa, huko Walikale, Kivu Kaskazini, Kongo, hufaulu au hushindwa kabla hajapanda pikipiki.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mitumba, ya mapajani, yenye prosesa ya biti 64 na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Ndani yake mlikuwa na Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutunza Januari 2020, na virusi vilivyoingia kwa flashi zinazozunguka mkono kwa mkono shuleni. Mwalimu alitaka kuandika mitihani na alama za wanafunzi bila faili kupotea. Hakuomba zaidi ya hayo.

Nilichagua Linux ya Debian 12, iliyotolewa tarehe 10 Juni 2023. Kosa la kwanza la mafundi wengi hutokea hapa. Ukiitafuta Debian, faili unayokutana nayo kwanza ni ile ndogo iitwayo netinst, ambayo haifiki gigabaiti 1. Kwa mtu anayenunua mtandao kwa megabaiti, udogo huo unavutia. Lakini netinst ni mifupa mitupu. Nyama yote huifuata mtandaoni wakati wa kusimika. Ukifika nayo kijijini, itakupa skrini nyeusi yenye maandishi meupe na kukuacha hapo. Faili inayofaa ni ya DVD ya kwanza, karibu gigabaiti 4, ambayo imebeba mazingira ya kazi yenye madirisha na LibreOffice pamoja. Niliipakua usiku.

Baada ya kupakua, niliihakiki kwa amri ya sha256sum, kisha nikalinganisha alama zilizotoka na zile zilizochapishwa na Debian wenyewe. Hatua hii huchukua dakika chache, na wengi huiruka. Faili ya gigabaiti 4 iliyokatika mara tatu njiani inaweza kuonekana nzima kwa ukubwa na bado ikawa na tundu katikati, na tundu hilo utalikuta Buleusa. Kuinakili kwenye flashi nako kuna namna yake. Ukiiburuta kama unavyoburuta picha au wimbo, kompyuta haitawaka kwa flashi hiyo. Nilitumia amri ya dd, baada ya kutazama kwa lsblk ipi ni flashi na ipi ni diski yangu mwenyewe, kwa sababu dd haiulizi mara mbili: ukiielekeza pabaya, inafuta. Nilitengeneza flashi mbili zinazofanana. Ya tatu niliiacha tupu kwa ajili ya faili za mwalimu.

Kule shuleni nilianza na saa. Kompyuta iliamini kwamba tuko mwaka 2009, maana betri yake ndogo, ile bapa kama sarafu, ilikuwa imekufa. Jambo hili linaonekana dogo, ila orodha za programu za Debian hutiwa saini za kidijiti, na mashine iliyo nyuma miaka kumi na nne huona saini hizo zimetiwa siku ambayo bado haijafika, ikazikataa. Nilifungua kifuniko, nikabadilisha betri, nikaweka tarehe sahihi kwenye BIOS. Mwalimu alikuwa ameinama kando yangu akitazama ubao wa ndani. Nilimwonyesha vitone vile vinavyong'aa vilivyoshika kila kijisehemu. Sehemu kubwa ya risasi ile ya kuunganishia ni bati, na bati linachimbwa Bisie, humuhumu Walikale. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimwonyeshe tena.

Umeme ulikuwa wa sola, kupitia betri ya gari na invata. Betri ya kompyuta yenyewe haikuweza kushika hata dakika kumi. Kwa hiyo tulisubiri jua lipande, tukaanza saa nne asubuhi. Mfumo wa faili wa ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya muundo wake, hivyo kompyuta iliyokwisha kusimikwa huvumilia kuzimika ghafla. Ila usimikaji wenyewe ukikatika katikati ya kufungua vifurushi, ni kurudi mwanzo. Kabla ya kugusa diski nilihamisha faili zote za mwalimu kwenye flashi ya tatu, kisha nikairuhusu Debian ifute kila kitu.

Lugha ya usimikaji nilichagua Kifaransa, kwa kuwa ndicho kinachofundishiwa madarasa ya juu. Majira nilichagua ya Lubumbashi: Kongo ina majira mawili, na Kivu Kaskazini haifuati saa ya Kinshasa. Kwa sababu ya kumbukumbu ndogo, nilichukua mazingira mepesi ya Xfce badala ya GNOME.

Kisha nikakosea. Kwa kuwa nilichagua Kifaransa, Debian ilipendekeza kibodi ya AZERTY, nami nikakubali bila kufikiri. Kibodi iliyo mbele yangu ilikuwa QWERTY, kama kompyuta nyingi za mitumba kutoka Uingereza na Marekani. Neno la siri liliingia kwa vitone, a ikawa q, w ikawa z, na hakuna aliyeona. Mwalimu alilijaribu baadaye kwa kibodi ya nje ya Kifaransa, likakataa. Kwa kibodi ya kompyuta, likakubali. Tulipoteza karibu saa nzima. Tazama herufi zilizochapwa kwenye vitufe, usifuate lugha uliyoichagua.

Kadi ya Wi-Fi haikuamka. Tangu toleo la 12, baada ya wanachama wa Debian kupiga kura mwaka 2022, faili ndogo zinazoamsha vifaa vya namna hii zimo ndani ya usimikaji, lakini kadi kadhaa za kizamani za Broadcom bado hutaka faili ifuatwe mtandaoni. Siku mwalimu atakaposhuka mjini, atachomeka simu yake kwa waya. Linux huiona simu kama kadi ya mtandao bila kuomba kitu.

Jambo la mwisho nililobeba kutoka Butembo lilikuwa kifurushi cha hunspell-sw, kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Kilifanya kazi mara moja, na mara moja kikapiga mstari mwekundu chini ya "mutoto" na "bazazi" katika barua ya mwalimu kwa wazazi. Kamusi ile imeandikwa kwa ajili ya Tanzania. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake wa kimataifa, swc, na kina mamilioni ya wasemaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilikaa chini kupanga istilahi na mwaka 2004 kikatoa Jambo OpenOffice. Kamusi ya tahajia ni kazi ndogo kuliko ile: ni faili mbili za maandishi, moja ya maneno na moja ya kanuni za viambishi. Walimu na wanafunzi wa vyuo vya ualimu vya ISP Bukavu na ISP Goma, anzeni na maneno elfu moja. Mwalimu wa Buleusa ameanza kuongeza yake mojamoja kwenye kompyuta yake.