Alizeti Kwenye Kava la Kwaya

Mwanachuo wa ualimu Kinampanda, kama mwenzake wa chuo kingine chochote cha ualimu Tanzania, hakai muda mrefu kabla ya kudaiwa zana. Anatafuta karatasi ya manila. Akiikosa anafungua mfuko wa saruji, anaunyoosha, anachora mzunguko wa maji au moyo wa binadamu. Mchoro ukiisha, kipimo chake kinajulikana: mtoto wa dawati la mwisho anaona nini? Akiona mistari mingi na maandishi ya kubana, zana imeshindwa hata kama imechorwa kwa mkono wa dhahabu. Akiona jambo moja na kulitambua kabla mwalimu hajafungua mdomo, zana imepita.

Nimeanza na zana kwa sababu naamini ufundi ninaotaka kuusifu, ule wa kutengeneza makava ya albamu na mabango ya muziki, ni ndugu wa damu wa ufundi huo. Na katika kata hii ya Kinampanda, Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, ndugu hao wawili wanaishi jirani. Anayechora chati ya darasani wiki hii ndiye wiki ijayo ataombwa na wenzake wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, atengeneze tangazo la tamasha la nyimbo. Kwaya ya usharika ikimaliza kurekodi, inakwenda stesheneri na picha kwenye simu na jina la albamu kwenye kipande cha karatasi. Fundi anavuta kiti karibu na kompyuta na kazi inaanza.

Tulitazame kava la kwaya kwa heshima, maana wengi hulipita haraka. Waimbaji wamepangwa safu tatu, sare zinang'aa, mwalimu wa kwaya amesimama pembeni. Nyuma yao fundi ameweka maporomoko ya maji ya nchi ya mbali. Juu kuna upinde wa mvua. Tai amekunjua mabawa kwenye kona. Barabara inapanda na kupotelea mawinguni, na jina la albamu limeandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu zenye kivuli. Hakuna kilichowekwa bure hapo. Tai ametoka kwa Isaya, upinde umetoka kwa Nuhu, maji yametoka kwenye Zaburi, na barabara ni safari ambayo kila kwaya nchini imeiimba. Msharika wa Iramba anazisoma ishara hizo zote bila kuambiwa. Fundi wetu ana lugha, na ana wasomaji wanaoijua lugha hiyo, jambo ambalo wabunifu wengi wa miji mikubwa wangelitamani.

Tatizo ni kwamba ishara zote zinasema kwa wakati mmoja. Tai anavuta jicho kushoto, maporomoko yanalivuta chini, barabara inalipeleka mbinguni, na nyuso za waimbaji, ambao ndio waliokesha wakifanya mazoezi, zinabaki ndogo kama punje. Hapa ndipo ninapompenda fundi mvumilivu. Yeye anauliza albamu hii inasema nini hasa, anasikiliza wimbo uliobeba jina mara kadhaa, kisha anaanza kuondoa. Anamwondoa tai. Anaondoa upinde. Anabakiza barabara, na waimbaji wanakuwa ndio wanaotembea juu yake.

Kwa jamii yenye historia ya Kilutheri kama ya Iramba, mfano bora wa kazi hiyo uko karibu sana, na ni wa zamani kuliko santuri. Mwaka 1530 Martin Luther alimwandikia barua Lazarus Spengler akimweleza maana ya muhuri wake. Katikati kuna msalaba mweusi, kwa sababu msalaba unaua na unauma. Msalaba uko ndani ya moyo mwekundu wenye rangi yake ya asili, kwa sababu mateso hayo hayauharibu moyo bali yanauweka hai. Moyo umekaa ndani ya waridi jeupe. Luther alisisitiza liwe jeupe, kwa maana ya furaha na amani ya imani, na kwa kuwa nyeupe ndiyo rangi ya malaika. Waridi liko kwenye uwanja wa samawati ya mbingu, na vyote vimezungushiwa pete ya dhahabu isiyo na mwanzo wala mwisho.

Soma maelezo hayo kama fundi wa kava. Kila rangi imeulizwa kwa nini ipo na imejibu. Kila umbo linakaa ndani ya jingine, kwa hiyo jicho halihangaiki. Linaingia katikati na kutoka nje kwa mpangilio. Vitu ni vitano, lakini ishara ni moja. Ninaiona barua ile kuwa mojawapo ya masomo mazuri kabisa ya ubunifu wa picha yaliyowahi kuandikwa, na aliyeiandika alikuwa mhubiri.

Washarika wenyewe wanasoma rangi kila Jumapili. Kitambaa cha madhabahu kikiwa cha zambarau, wanajua ni Majilio au Kwaresima. Kikiwa cheupe ni Krismasi au Pasaka, chekundu ni Pentekoste, na kijani kinajaza majira marefu yaliyobaki. Fundi anayetengeneza kava la nyimbo za Kwaresima akachagua kijani kwa sababu tu kinapendeza, amesema neno asilolikusudia mbele ya watu wanaolielewa.

Na wasioketi kanisani wamesomeshwa na kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina; yaani ina mpaka, ina picha, ina maneno. Karibu kila kava la albamu lina sehemu hizohizo tatu. Mwanamke anayechagua doti dukani anapima kama jina linaafikiana na mji, kama korosho kwenye kona zimekaa sawa, kama rangi inafaa shughuli anayoiendea. Kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe kinatangaza harusi kabla bibi harusi hajaonekana. Huko Mombasa nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya chapa ya Mali ya Abdulla, imekuwa ikiuza kanga tangu mwaka 1887. Kwa hiyo bibi mwenye sanduku la kanga ni mhakiki wa makava, na fundi mwenye busara atamwonyesha kazi yake kabla ya kuichapisha.

Muziki wenyewe ulichelewa kupata picha. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za zama zile zilivaa bahasha ya karatasi yenye tundu katikati ili lebo ya kampuni isomeke, basi. Huko Marekani, kijana wa New York aitwaye Alex Steinweiss ndiye aliyeishawishi kampuni ya Columbia, mwaka 1940, kwamba jalada likichorwa kwa kila albamu watu watanunua zaidi. Walinunua. Baadaye santuri kubwa ikampa fundi uwanja wa sentimita 30 kwa 30. Kaseti ikaja ikampunguzia hadi kikaratasi cha kukunja kinachoenea kiganjani. Siku hizi wimbo unasafiri kwa flashi na kwa simu, na kava limekuwa kijipicha kinachofunikwa na kidole gumba. Dawati la mwisho limesogea mbali zaidi. Ishara moja iliyochaguliwa vizuri inavuka umbali huo. Safu tatu za nyuso hazivuki.

Kava ninalolirudia kila ninapofikiria jambo hili ni la Survival ya Bob Marley and the Wailers, ya mwaka 1979, lililobuniwa na Neville Garrick. Uso wa Marley haumo. Fikiria ujasiri wa uamuzi huo: ana mmoja wa watu wanaotambulika kuliko wote duniani, na hamweki. Badala yake ameweka bendera za nchi za Afrika zikiwa zimepangwa mistari kwa mistari, na ya Tanzania imo, na mshazari wake mweusi unaopanda kati ya kijani na samawati. Juu, jina la albamu limekaa kwenye ukanda unaoonyesha mchoro wa meli ya watumwa Brookes, ule uliochapishwa Uingereza mwaka 1788 ukionyesha watu waliolazwa chini wakibanana kama mizigo. Meli juu, mataifa huru chini. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja akilishika kava hilo Kinampanda, ataanza kwa kutafuta bendera yake, ataipata, kisha macho yatapanda kwenye meli, na hoja nzima ya albamu itakuwa imemfikia. Ishara za Garrick zilikuwa za watu tayari. Yeye alizipanga tu, na kupanga huko ndiko ufundi.

Wasanii wetu wa leo wameielewa nguvu hiyo kwa njia yao. Diamond Platnumz ni Simba, Harmonize ni Tembo, Rayvanny ni Chui. Watatu hao waliwahi kukaa chini ya lebo moja, WCB Wasafi, na sasa kila mmoja ana himaya yake na mnyama wake. Tangazo la shoo linaweza kuonyesha jicho la manjano na nywele za shingoni tu, na shabiki wa Shelui au wa Kiomboi atajua nani anakuja. Ni werevu mkubwa wa kibiashara. Ningependa tu mnyama huyo asemeshwe zaidi ya ukubwa wa mwenye jina. Tembo anajulikana pia kwa kutembea na ukoo wake, na chui kwa kuwinda peke yake usiku. Humo mna makava mazuri ambayo bado hayajachorwa.

Nikirudi Iramba, ishara ambayo ningemsihi fundi wa kwaya aiangalie imeota nje ya dirisha lake. Singida ni mkoa wa alizeti. Hupandwa mvua zikishatulia na huchanua masika yakielekea mwisho, na kwa majuma machache mashamba yanawaka manjano hadi kwenye mawe. Kila mkulima anajua kwamba ua changa hulifuata jua: asubuhi limeelekea mashariki, jioni magharibi, na usiku linageuka kulisubiri tena. Likikomaa shina linaacha kukua na kichwa kinabaki kimeelekea mashariki moja kwa moja. Watafiti wamepima na kuona kwamba ua lililoelekea mashariki hupata joto mapema, na nyuki huliendea zaidi.

Kwa kwaya, hiyo ni albamu nzima. Ujana unaohangaika kutafuta nuru, utu uzima uliotulia mbele yake, matunda yanayofuata. Hakuna haja ya maporomoko ya nchi ya mbali.

Lakini tazama jambo hilo linavyomdai mpiga picha. Akienda shambani jioni kwa sababu ndio muda waimbaji wamepata nafasi, jua liko magharibi na vichwa vilivyokomaa vimelipa kisogo. Akisimama mahali ambapo nyuso za waimbaji zinapata mwanga, atapiga migongo ya maua, kijani kitupu na vikonyo. Akihamia upande wa pili, maua yatamtazama, ila nyuso zitakuwa gizani. Hana budi kuwaamsha watu wazima na sare zao alfajiri, wavuke umande, wasimame katikati ya mistari bila kuvunja mashina ya mwenye shamba, wote wametazama mashariki pamoja na maua, yeye akiwa amelipa jua mgongo. Saa moja asubuhi jua bado liko chini na mwanga ni laini. Kufikia saa tatu vivuli vimeingia machoni na waimbaji wanakunja nyuso. Kazi yote ina nafasi ya saa mbili hivi, katika majuma machache ya mwaka. Kwaya iliyorekodi Agosti itabidi isubiri, na fundi anayeishauri isubiri ninamvulia kofia.

Picha ikipatikana, yanabaki maandishi na bango la uzinduzi. Kava halimhitaji mgeni rasmi. Bango linamhitaji, kwa kuwa watu huja kwa ajili yake na harambee inamtegemea, ila akae chini kwenye kiduara chake, na siku, saa na mahali visomeke kabla ya cheo chake. Alizeti ile ile ya kava itokee kwenye bango, kwenye fulana na kwenye picha ya mbele ya video, rangi ile ile, imekatwa vile vile, mpaka mtu aliyeiona Jumapili aitambue Jumatano akiwa juu ya bodaboda.

Kisha kuna fotokopi. Bango moja la rangi litabandikwa kanisani na jingine chuoni, lakini mengi yatakayokwenda kwenye maduka, nguzo na mitaa ya mbali yatakuwa nakala za rangi nyeusi kwa sababu ya bei. Mashine hiyo haina huruma. Nyekundu na samawati zote zinakuwa kijivu, na manjano, rangi yenyewe ya alizeti, inafifia hadi kukaribia weupe wa karatasi. Fundi asiyejua hilo atakuta ua lake limebaki kitovu cheusi kinachoelea hewani. Anayejua hutoa nakala moja ya majaribio mapema, kabla kwaya haijalipia, anaibandika ukutani na kurudi nyuma hatua kadhaa. Kitovu cha alizeti kina bahati ya kuwa cheusi kiasili, hivyo kinashika. Petali anazizungushia mstari mwembamba wa kahawia iliyokolea, ambao kwenye bango la rangi hauonekani sana, na kwenye nakala nyeusi ndio unaoshikilia umbo zima la ua. Baada ya hapo anatoa nakala ya pili na kurudi nyuma tena.