Chusa Kisicho na Kamba

Kuna video imezunguka sana kwenye magrupu yetu, na pengine wewe pia ushaiona. Sekunde kumi na kitu. Bahari ya kijivu, meli ndefu katikati ya fremu, halafu kitu kidogo kinaingia kwa kasi kutoka kulia na skrini yote inakuwa nyeupe. Basi. Inaanza tena.

Mara ya kwanza niliiona Wasini. Tulikuwa tumekaa ukutani karibu na gati, mimi na binamu yangu na vijana wengine wawili, tunangoja mashua ya kunivusha kurudi Shimoni. Wasini haina gari hata moja, kwa hivyo jioni sauti ya simu inafika mbali. Kila skrini ilipogeuka nyeupe tulipiga kelele kama goli limeingia. Mimi pia nilipiga, sitakudanganya.

Binamu yangu hakupiga. Yeye ni baharia, kazi yake ni ya deki kwenye meli za mizigo, na wakati huo alikuwa nyumbani anangoja mkataba mpya. Aliichukua simu, akairudisha video nyuma, akaisimamisha kabla ya mlipuko. Akaweka kidole kwenye kile kijengo cheupe cha nyuma ya meli.

"Hapa ndipo tunapolala," akasema. "Jikoni ni hapa chini. Saa hizi kuna mtu anakata vitunguu."

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuitazama video ile kama zamani. Na kwa kuwa hapa huwa tunahakiki riwaya, filamu na nyimbo, nimeona niihakiki na hii. Maana huu ni utanzu sasa. Una kanuni zake, una mashabiki wake, na unasambaa kuliko riwaya yoyote ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka huu.

Utanzu wenyewe una shule mbili. Ya kwanza ni ya Wahouthi wa Yemen, ambao tangu Novemba 2023 wameshambulia meli za biashara zaidi ya 100 katika Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Video zao zina rangi, zina nashidi, zina nembo kwenye kona, na mlipuko unarudiwa polepole kutoka pembe tatu. Shule ya pili ni ya Wamarekani. Yao ni nyeusi na nyeupe, haina sauti, ina alama ya shabaha katikati, na kombora linaonekana likitoka kwenye meli usiku kwa mwali mkubwa. Moja inaimba, nyingine imenyamaza. Lakini zote mbili zinakata picha pale pale: kwenye mwanga. Hakuna inayobaki kuona kinachofuata.

Kinachofuata ni hiki. Tarehe 6 Machi 2024, kombora lilipiga meli ya mizigo iitwayo True Confidence katika Ghuba ya Aden. Ndani mlikuwa na watu 23: mabaharia 20, wengi wao Wafilipino, na walinzi 3. Watatu waliuawa, Wafilipino wawili na Mvietnamu mmoja. Meli ya kivita ya India, INS Kolkata, iliwaokoa walionusurika na kuwafikisha Djibouti. Hao waliokufa hawakuwa na vita na mtu. Walikuwa kazini.

Najua msomaji mwingine ashaanza kunikasirikia. Kwani Gaza je? Wahouthi walisema wanapiga meli kwa ajili ya Gaza, na huku pwani wengi wetu tumelia na Gaza, tumeomba dua, tumeandamana. Mimi ni mmoja wao. Na kuna utamu mwingine ndani ya video ile ambao ni lazima tuukubali: mnyonge anampiga mkubwa. Hiyo ndiyo hadithi ya silaha hii tangu mwanzo. Tarehe 21 Oktoba 1967, boti ndogo za Misri zilirusha makombora kutoka bandari ya Port Said na kuizamisha Eilat, manowari ya Israeli, wakafa mabaharia 47. Ilikuwa mara ya kwanza manowari kuzamishwa namna hiyo, na wanamaji duniani kote walishtuka. Boti ya mita ishirini na kitu imeiua meli mara kadhaa ya ukubwa wake! Mwaka 1982, katika vita vya Falklands, Argentina ikafanya hivyo hivyo kwa Waingereza: ndege ilirusha kombora la Kifaransa likaipiga HMS Sheffield tarehe 4 Mei, wakafa 20. Hadithi ya Daudi na Jaluti, na sote tunaijua.

Lakini uhakiki ni kuuliza nani yuko kwenye fremu na nani ametolewa. Kwenye True Confidence, Jaluti alikuwa nani? Mwenye meli yuko ofisini, mwenye bima yuko ofisini. Aliyekuwa chumbani akilala baada ya zamu ni kijana wa Kifilipino ambaye maisha yake yanafanana na ya binamu yangu kuliko ya mtu yeyote mwenye nguvu. Ukitaka kumshangilia Daudi, hakikisha kwanza jiwe limempata nani.

Tuje kwenye silaha yenyewe, kwa sababu namna inavyofanya kazi inaeleza kwa nini video yake iko vile. Kombora la kruzi la kupiga meli ni kama ndege ndogo isiyo na rubani. Halipandi juu na kushuka kama lile la balistiki. Linaruka chini kabisa, mita chache tu juu ya mawimbi, likijificha nyuma ya mviringo wa dunia. Karibu na mwisho, rada iliyo puani inawashwa na kutafuta kitu kikubwa cha chuma. Walio melini wanaweza kuligundua likiwa kilomita ishirini na tano hivi, na kwa kasi yake hiyo ni dakika moja na nusu. Meli ya kivita ina rada na makombora ya kujilinda. Meli ya mizigo ina mabomba ya maji na maombi.

Sasa zingatia: rada ile haioni mtu. Inaona chuma. Haijui kama ni manowari au ni meli ya saruji. Naye aliyerusha, mara nyingi, hajaiona meli kwa macho yake, ameona nukta. Kwa hiyo video haikuwatoa watu kwenye picha. Silaha ilikuwa ishawatoa kabla kamera haijawashwa, na video imeazima macho yake. Tunapotazama tukishangilia, sisi nasi tumeazima macho hayo hayo.

Halafu kuna majina. Hapa ndipo lugha inaponiuma zaidi. Wamarekani kombora lao maarufu la kupiga meli wameliita Harpoon, yaani chusa. La Wafaransa, lile lililoipiga Sheffield, linaitwa Exocet, yule samaki anayeruka juu ya maji ambaye wengine humwita panzi. La Wairani ni Noor, nuru. La Waisraeli ni Gabriel, ndiye Jibrili.

Wala tusidhani hilo la mwisho liko mbali nasi. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilikuwa nalo. Boti za Mamba, Madaraka, Jamhuri na Harambee zilifungwa makombora ya Gabriel mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapo hapo Mtongwe. Baadaye, mwaka 1988, zikafika Mombasa Nyayo na Umoja kutoka Uingereza, zimebeba Otomat. Hebu yasome majina hayo kama mstari mmoja: Harambee imembeba Jibrili. Kaulimbiu ya kuvuta pamoja, juu yake malaika wa wahyi, ndani yake baruti. Heri yetu ni kwamba hazikuzamisha meli yoyote vitani. Lakini aliyechagua majina alijua anachofanya. Jina zuri linafanya kazi ile ile ya nashidi kwenye video.

Nimelifikiria zaidi lile la chusa, kwa sababu chusa ni kitu cha huku. Wazee wa Wasini na Shimoni wanakijua kwa mkono. Na kitu cha kwanza utakachoambiwa kuhusu chusa ni kamba. Chusa bila kamba ni chuma ulichotupa baharini. Ukimpiga samaki mkubwa, kamba inakufunga naye: anakuvuta, mashua inakwenda alikokwenda yeye, mikono inachubuka, na mwishowe ama unamleta ubavuni umtazame usoni, ama unaikata kamba ukijua umepoteza. Mwenye chusa hawezi kuondoka kabla ya mwisho. Kombora limechukua jina la chusa na kuiacha kamba. Hilo ndilo kosa la jina lile, na ndilo kosa la video: mpigaji na mpigwaji hawajafungwa na chochote.

Jina moja tu ndilo nimeliona la kweli. Wahouthi wana kombora la kupiga meli linaloitwa al-Mandab, kwa jina la ule mlango wa bahari, Bab el-Mandeb. Wanaojua Kiarabu wanasema maana yake ni mlango wa machozi. Angalau hilo limesema linaleta nini.

Ukidhani haya yote yanaishia huko kwa Waarabu, ngoja. Tarehe 18 Februari 2024 Wahouthi waliipiga meli ya Rubymar, iliyokuwa na tani kama 21,000 za mbolea. Mabaharia waliiacha wote wakiwa salama, nanga ikiwa chini. Meli ikaelea peke yake karibu wiki mbili ikiingia maji, hadi ikazama tarehe 2 Machi. Katika siku hizo za kuelea, nyaya tatu za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na inaaminika ni nanga ya Rubymar iliyozikokota. Mmoja wao ulikuwa wa Seacom, ule unaotia nanga Mombasa, ulioleta intaneti ya kasi Afrika Mashariki mwaka 2009. Kwa hiyo kombora lililorushwa Yemen lilifika hadi kwenye simu yako. Pale Kisite, karibu na Wasini, mashua za watalii hufungwa kwenye maboya ili nanga zisivunje matumbawe. Hapa watu wanajua kwamba kitu kilichoachwa kikiburuzwa chini kinaharibu usichokiona. Kombora halikuwa na kamba, lakini meli ilikuwa na mnyororo, na mnyororo ukatufikia.

Je, kuna maandishi yoyote kuhusu vita hivi ambayo yanamwona baharia? Yapo. Nimeyasoma, nayo hayana nashidi. Ni makubaliano ya kimataifa kati ya ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, na waajiri wa mabaharia. Kwa meli zilizo chini ya makubaliano hayo, kusini mwa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden zilitangazwa eneo la vita mwaka 2024. Baharia akawa na haki ya kukataa kupita huko na kurudishwa nyumbani kwa gharama ya kampuni. Akikubali, analipwa nyongeza sawa na mshahara wake wa msingi kwa siku za eneo hilo, na fidia ya kifo au ulemavu inakuwa mara mbili. Lugha yake ni kavu kama mkate wa jana. Lakini katika mkusanyiko wote wa maandishi na picha za vita hivi, ni hapa tu nimemkuta baharia akiwa mtu: mtu mwenye jina kwenye fomu, anayeulizwa kama anataka kwenda, anayeweza kusema la.

Ingawa kusema la kuna bei yake. Tulilizungumza ukutani pale pale, simu ishazimwa.

"Ukikataa watakuita tena?" nikamuuliza.

"Kwenye karatasi wataniita," akasema. "Ajenti naye ana orodha yake kichwani. Na wewe kaka, wajua nyumba haijaezekwa."

Sikuwa na jibu. Sikumpa.

Bahati ikawa njema. Meli aliyopata inazunguka Afrika Kusini kwa Rasi ya Tumaini Jema, kama zinavyofanya nyingi tangu mashambulizi yaanze, safari inaongezeka siku kumi au zaidi. Aliondoka mwezi uliofuata. Wiki iliyopita aliweka video kwenye stetasi yake, na ningependa kumalizia uhakiki huu kwa kuilinganisha na ile nyingine.

Ni dakika mbili na nusu. Imepigwa kwa mkono unaotikisika, ndani ya kile kijengo cheupe. Ujia mwembamba, viatu vya usalama vimepangwa nje ya mlango, fulana zimeanikwa juu ya bomba la moto. Mngurumo wa injini haukatiki. Anaingia jikoni. Mpishi, mwanamume mfupi mwenye aproni, anaona kamera, anaificha sura yake kwa kifuniko cha sufuria, anacheka. Nyuma yake kuna dirisha la duara na bahari inayopanda na kushuka. Hakuna kinachotokea. Hakuna muziki, na picha haikatwi mahali popote.

Waliokuwa wameitazama ni watu 41. Mimi nimeitazama mara nne. Sekunde za mwisho sauti ya mtu asiyeonekana inauliza kwa Kiingereza kilichovunjika chumvi iko wapi, na binamu yangu anageuza simu kuitafuta.