Mito ya Sabine na Sebule ya Tofali

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, katika jumba la sanaa la Fogg, ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno lililotamkwa humo lilibaki hewani kwa takriban sekunde 5 na nusu, likakutwa na yaliyolifuata, na msikilizaji akaambulia uvumi tu. Mwanafizikia kijana, Wallace Sabine, alipokabidhiwa tatizo hilo hakumwambia mhadhiri apaze sauti. Usiku, mji ukiwa umetulia, alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders, akaiongeza kidogo kidogo, kila mara akipuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufifia. Mito ilipojaa, muda ulishuka hadi sekunde 1 na kidogo. Kutokana na vipimo hivyo alipata kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.16, kisha gawanya kwa jumla ya uwezo wa nyuso zake kunyonya sauti.

Anayetaka kugeuza chumba kuwa sinema ya nyumbani aanze na hesabu hiyo, na katika nyumba zetu sababu ni nzito zaidi. Tunajenga kwa tofali la simenti, tunapiga lipu, tunatandaza marumaru. Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, chenye kimo cha mita 3 na dari ya zege. Ujazo wake ni mita za ujazo 60, nyuso zake ni mita za mraba 94, na nyuso ngumu namna hiyo hunyonya kama asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga. Jibu linapita sekunde 3, ilhali sinema ya nyumbani inahitaji kama 0.4. Hakuna spika, hata iwe ya bei gani, itakayofanya mazungumzo ya filamu yaeleweke humo. Ili kufika 0.4 unahitajika uwezo wa kunyonya sauti unaolingana na mita za mraba 24. Zulia nene na sofa la kitambaa vinaleta karibu nusu. Iliyobaki itoke kwenye fremu za mbao zilizojazwa nyuzi laini, unene wa sentimita 10, zikifunikwa kitambaa kinachopitisha hewa na kutundikwa pale sauti ya spika inapogonga ukuta kwanza.

Wapo watakaosema amplifaya za sasa zina maikrofoni ya kupimia chumba na kujirekebisha zenyewe. Kweli zinasaidia: hulinganisha nguvu za spika na kupunguza besi iliyozidi. Lakini sauti ikishatoka na kuanza kudunda ukutani, amplifaya haina namna ya kuirudisha. Wengine hubandika trei za mayai. Hizo ni karatasi nyembamba. Hugusa sauti za juu kidogo, besi hupita kana kwamba hazipo, na zinashika moto upesi. Pazia zito lina faida, ila nalo huishia kwenye sauti za juu. Hoja yenye uzito ni ya vumbi na unyevu, hasa pwani, ambako zulia la ukuta hadi ukuta huota ukungu. Basi tumia zulia linalotolewa nje na kuanikwa, na fremu zinazoshuka ukutani kwa usafi.

Besi ni kazi ngumu zaidi. Katika urefu wa mita 5, mawimbi ya hezi 34 hivi husimama kati ya kuta mbili: pembeni yanavuma, katikati yanapotea. Mafundi wana njia rahisi. Weka sabufa kwenye kiti utakachokalia, cheza wimbo wenye besi, kisha tembea umeinama kandokando ya kuta. Pale besi inaposikika sawa bila kuvuma, ndipo pa kuiweka sabufa.

Kabla ya yote hayo, simama katikati ya chumba kitupu upige kofi moja. Ukisikia mlio unaoendelea baada ya kofi, fedha ya spika ipeleke kwanza kwa fundi seremala na muuza vitambaa.