Wapimaji wa Umeme wa Jicho

Pongezi zangu ziwaendee wapimaji wa umeme wa retina, utando wa jicho unaopokea mwanga, kazi iliyoanzishwa na Frithiof Holmgren wa Sweden mwaka 1865. Mwanga ukijaza jicho lote, retina nzima huitika pamoja. Ukifinywa uwe doa dogo, mwitikio hushuka mno, hata lazima doa lirudiwe mara nyingi ndipo utengane na kelele za umeme. Lakini mwitikio huo mdogo ndio unaofichua ugonjwa wa katikati ya retina. Subira hiyo naiheshimu kuliko mashine. Na huko Mutshatsha, nchini Kongo (DRC), kwenye reli ya Kolwezi kwenda Dilolo, mtoto anayepapasa jioni kwa upungufu wa vitamini A anastahili kupimwa pia, kwa mwanga hafifu. Akitibiwa mapema, umeme wa retina hupanda tena.